Kwa Rukia, Kabla Mama Upawa Hajakusindikiza

Rukia,

Umekwenda Jomvu Kuu kumuaga nyanya yako na ami yako Bakari, na ninavyomjua nyanya yako hatakuachia kabla ya magharibi. Kwa hiyo nina alasiri nzima. Nimefunga mlango, nimezima simu, nimeketi kwenye meza aliyokuwa babako akitengenezea redio za watu siku zake za mapumziko. Nikimaliza nitaiweka barua hii juu ya mto wako. Uisome leo, usiibebe ukaisomee njiani, kwa sababu sehemu yake inahusu kesho.

Sitakuandikia habari za shuka, sabuni, wala ubaridi wa bara. Umekuwa ukipika katika nyumba hii tangu hujafika kimo cha jiko. Mtu wa hivyo hafi njaa chuoni. Wala sitakuambia uswali, maana unajua saa za swala kuliko ninavyozijua mimi.

Nakuandikia kwa sababu tangu katikati ya eda yangu, mimi na wewe tunazungumza kama wapangaji wawili wanaotumia bomba moja. Maji yametoka. Chumvi imekwisha. Nimerudi. Kesho unapanda treni, na mimi sijui kama nina binti ninayeweza kumwambia jambo likakaa. Hilo tu ndilo ninalotaka kulijua. Mengine yote humu ni maelezo yake.

Na nimekasirika. Nakuambia mapema ili usipoteze muda kutafuta mahali pa kubembelezwa.

Nimelitoa daftari langu nisije nikakusingizia. Unajua ninaandika kila siku, na nyinyi wawili, wewe na babako, mlikuwa mkinicheka. "Mamako anamwandikia Mungu ripoti," alikuwa akisema. Nilianza nikiwa kidato cha pili, pale Changamwe. Mwalimu wetu wa historia alituambia kwamba mtu asiyeandika tarehe hana ushahidi, ana kelele. Basi sina kelele. Nina daftari.

Jumapili moja nimeandika: "Rukia amecheka na simu jikoni mpaka maharage yakaungua. Amesema ni mwenzake wa tuisheni." Wiki tatu baadaye: "Mwenzake wa tuisheni ana jina. Shafii." Na kesho yake ukaniambia Shafii ni mtoto wa nani.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo, na liko kwa mwandiko wangu mwenyewe. Mama mwingine angeuliza kijana huyo anafanya kazi gani, anaswali msikiti upi, ana ndugu wangapi. Mimi niliuliza: "Ni yule mkubwa, au yule mdogo aliyeng'oka meno?"

Kwa maana niliwajua wote. Miaka yote hiyo, saa ya chakula pale zahanati, nilikuwa nikiketi nyuma ya kabati la mafaili na kumtazama kwenye simu Mama Upawa akipika nyumbani kwake Kisauni na kuwasema wanaume. Nilijua rangi ya mapazia yake. Nilijua siku mumewe alipohama na siku aliporudi. Nilimwona yule mdogo akilia na jino mkononi. Kila mwisho alikuwa akiunyoosha ule upawa wake mrefu kwenye kioo na kuuliza, "Wanangu wa kioo, nani kapika, nani kapikwa?" na mimi, mtu mzima, karani aliyekaa kazini miaka kumi na tisa, nikijibu peke yangu kimoyomoyo. Sasa mwanangu amependwa na mtoto wa yule mwanamke! Wallahi siku hiyo nilirudi kazini nikaweka mafaili mawili mahali pasipo pake. Haikuwahi kunitokea.

Babako nilimficha. Siku moja aliniuliza, "Huyo kijana anayemfikisha Rukia mpaka kituo cha petroli, wa nani?"

"Mtoto wa watu wa Kisauni."

"Watu wa Kisauni wote?"

Nikamwambia aache maswali, chakula kinapoa. Na wewe ulikuwa mlangoni ukisikia, ukajifunza hapo hapo kwamba katika nyumba hii jambo linafichwa kwa yule anayestahili kulijua. Hilo nilikufundisha mimi. Hukulipata kwa Mama Upawa.

Babako alipokuja kujua hakupiga kelele. Alisema tu, "Yule mama anaishi kwa kuwafungulia watu mlango wa nyumba yake wachungulie. Vyumba vyake vikiisha, atahamia vyetu." Nikamwambia ana wivu wa maendeleo ya watu. Nimeandika hivyo, "wivu wa maendeleo". Leo nikiusoma mstari huo nauona uso wake.

Shafii alikuja hapa mara ya kwanza babako akiwa kazini. Nilikuwa nimekaanga sambusa. Unakumbuka alivyofanya? Aliichukua moja, akaiinua karibu na kidevu, akangoja. Hakula. Alingoja kama mtu anayesubiri aambiwe "haya". Wewe ukacheka ukamwambia, "Kula bwana, hakuna anayekupiga picha hapa." Akatahayari, akala. Nami nikamwona kijana mwenye adabu.

Siku hiyo hiyo nilimtania. Nikamwambia, "Sisi tunakujua mwanangu, hata mtihani uliofeli tunaujua." Kwa sababu mamake alilia mbele ya simu alipofeli, na mimi nilimtazama. Akajibu kwa upole, bila kisirani, "Mimi sina siri, mama. Zote zilishatoka." Tukacheka sote watatu.

Rukia, mimi ni karani wa mafaili ya wagonjwa. Kazi yangu yote ni kwamba jalada lina nambari na si jina, na mtu akiingia asubuhi na ugonjwa wake, jioni hiyo hiyo akinikuta sokoni namsalimia kama mtu asiyewahi kuumwa. Na bado kijana aliniambia kwa mdomo wake kwamba hajui siri ni kitu gani, nikamwongeza sambusa.

Sasa yaliyofuata unayajua, lakini yasome kwa mkono wangu.

Babako alipochoka figo, akili yake ikawa inakwenda na kurudi. Wiki tatu za mwisho tulikuwa naye hapa nyumbani. Kuna saa hakunijua. Aliniona mwuguzi. "Sista," alikuwa akiniambia kwa heshima kubwa, heshima ambayo hakuwahi kunipa mimi mkewe, "sista, tafadhali niitie mke wangu." Mara ya kwanza nilimwambia, ni mimi. Akakasirika, akanisukuma mkono. Mara ya pili nikatoka nje, nikasimama ukumbini, nikaivua kanga niliyokuwa nayo nikajifunga nyingine, nikabisha, nikaingia. "Abee, nimekuja." Akanishika mkono akasema, "Umekawia." Tangu hapo ilikuwa ndiyo kazi yangu. Kuna siku nilibadilisha kanga mara nne. Siku nyingine haikufaa kitu hata nikibadilisha.

Nilidhani hakuna anayeniona. Wewe uliniona. Nilikuona ukiwa mlango wa chumba chako, nawe ukarudi ndani polepole, na nilishukuru kwamba nimezaa mtoto mwenye akili ya kurudi ndani.

Kisha ukamwambia Shafii.

Najua ulimwambiaje. Ulilia ukamwambia, kwa kuwa ulikuwa na mzigo na yeye ndiye uliyekuwa naye. Hilo peke yake ningekusamehe siku ile ile. Mtu hulia mahali anapopata bega. Lakini bega hilo lina mama.

"Jumatano, siku ya arubaini na tatu ya eda. Mama Upawa amekuja kunipa pole, yeye na wanawake wawili. Wameleta wali." Hivyo ndivyo nilivyoanza ukurasa huo. Aliketi na mimi chini, akanikumbatia, akalia. Nakubali alilia kweli. Machozi yake hayakuwa ya maji ya bomba. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba anaweza kulia kweli na huku anajua simu iko upande gani.

"Da'ngu, pole. Yamekufika makubwa."

"Nishapoa, bibi. Ndiyo dunia."

"Na eti marehemu ilifika mahali hata hakujui?"

Nikakutazama. Ulikuwa umeshika sinia ya vikombe, na ukaitazama sinia.

"Eti ulikuwa ukitoka nje ukabadilishe kanga ndipo akukubali? Ni kweli, da'ngu?"

Nikasema, "Ndiyo." Neno moja. Mtu akikuta siri yako ya ndani kabisa imekaa mkononi mwa mgeni, hukatai. Unashangaa tu imefikaje.

Siku tatu baadaye jirani yetu Mama Mutua alibisha. Unajua yeye si mtu wa umbeya, ni mtu wa kanisa na kazi. Alisimama na simu ameigeuzia kifuani. "Mama Rukia, samahani sana. Mimi sijui kama ni vizuri nikuonyeshe. Lakini wacha uone kwangu kuliko uone kwa watu."

Nilijiona. Mimi, ndani ya eda, bila wanja, macho yamevimba, nimeketi kwenye godoro la chini, na juu ya uso wangu maandishi makubwa: MUME ALIMSAHAU. Wakaweka na filimbi ya huzuni. Mwanamke aliye katika eda hatoki hata mlangoni akaonekana na wanaume wa mtaani, nami nilikuwa nikitazamwa na wanaume wasio na hesabu, kila mmoja kitandani kwake. Nilisoma waliyoandika chini. Wengi walisema pole. Mmoja alisema mume akikusahau basi hukuwa mke, ulikuwa mpangaji. Mwingine aliuliza kanga hiyo inauzwa wapi.

Ami yako Bakari alikuja kesho yake. Alisimama nje ya pazia, hakuingia. Akasema, "Shemeji, ndugu yangu tulimwosha chumbani, mlango umefungwa, watu wanne. Nani amemtoa tena nje?" Akaenda zake. Ndiyo maana hakuja tena mpaka nilipotoka eda. Uliwahi kuniuliza kwa nini ami kakasirika. Jibu ndilo hilo.

Nikampigia simu Mama Upawa.

"Ifute."

"Da'ngu, nifute? Umezisoma dua walizokuombea? Watu mpaka Oman wanakulilia. Nikiifuta na dua zao zinafutika. Mimi dhambi hiyo siibebi."

"Ibebe."

"Hizo ni hasira za msiba, zitapoa. Nitakuja na Shafii tuzungumze kama ndugu."

"Na simu?"

Akacheka. Akacheka, Rukia, kama nimemfanyia mzaha mzuri.

Shafii alikuja peke yake. Alisimama barazani, mimi nyuma ya pazia. "Shikamoo, mama." Sikumwitikia. Akasema akaunti si yake, ni ya mamake. Akasema mamake hakukusudia ubaya. Akasema, na hili nililiandika neno kwa neno: "Mama, kwetu jambo likishasemwa huwa linaacha kuuma." Nilitaka kumrushia kiatu. Baadaye, usiku ule nikiandika, nikaona alikuwa akinieleza alivyolelewa. Alikuwa akinipa dawa anayopewa yeye.

Niliporudi kazini baada ya eda, mgonjwa wa kwanza kufika dirishani aliniangalia akatabasamu. "Wewe si yule mama wa kanga?" Nilikuwa na faili lake mkononi. Nilijua kilichomleta, naye akajua changu. Lake lilikuwa na kifuniko.

Lakini wewe nilikuwa nimekufokea mapema, ndani ya eda, jioni ile ile aliyokuja Shafii. Nilisema maneno ambayo sitayarudia hapa, na machache kati yake hayakuwa ya haki. Nilikuambia umemuuza babako. Nawe ukasema lile neno lako:

"Mama, simu uliiona. Uliiona ukajitanda vizuri."

Tangu siku hiyo ndipo tulipoanza kuzungumza habari za maji na chumvi.

Daftari langu lina mstari katika ukurasa wa ile Jumatano ambao nimekuwa nikiuruka, hata hapo juu nimeuruka. Nauandika sasa. "Simu yake imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Nimeivuta kanga kichwani." Ni hivyo. Niliiona. Kanga ilikuwa imeniangukia mabegani kwa kuwa tulikuwa wanawake peke yetu, nami nikaivuta nikajifunika vizuri, nikauweka uso mahali pake. Ningeweza kusema, "Bibi, ondoa simu." Maneno matatu. Nilijitanda. Kwa muda kama wa kupepesa jicho nilifurahi kwamba Mama Upawa yuko kwangu na kwamba watu watajua.

Ulisema kweli. Na nilikuchukia kwa kuisema, na sijamaliza.

Kuna jingine ambalo hulijui, na hili sikulazimishwa na mtu kulisema. Kabla hujakutana na Shafii, mimi nilishampelekea Mama Upawa jambo la nyumba hii. Nilimtumia sauti. Nililalamika kwamba mume wangu anatia chumvi kabla hajaonja, kila siku, miaka yote, na nikauliza kama hiyo si dharau. Ilikuwa ni upuuzi tu, nilikuwa nimechoka. Yeye akaisoma kwa watu: mama mmoja wa Mikindani, mumewe fundi wa malori, mumewe hivi, mumewe vile. Akaigiza mwanamume anavyotikisa kichupa cha chumvi kama anayefukuza nzi. Nilicheka mpaka nikatoka machozi.

Pale gereji Miritini vijana hutazama wakati wa chakula. Sijui ni nani alimwonyesha babako. Jioni alikuja, akanawa, akaketi, nikamsogezea kichupa. Akakirudisha mahali pake. Akala. Nikamuuliza, "Imetosha?" Akasema, "Waulize wenzako."

Hayo tu. Hakulitaja tena mpaka kufa kwake. Lakini hakugusa chumvi tena kwenye meza yangu, Rukia. Chakula kikiwa dufu alikila dufu. Kuna siku nilisahau chumvi kabisa kwenye mchuzi, wewe mwenyewe ukatema, naye akamaliza sahani. Miaka miwili. Na daktari alipomwambia aache chumvi kwa sababu ya figo, alinigeukia mbele ya daktari akatabasamu: "Hilo nimeshalizoea." Daktari akadhani tumejipanga vizuri. Sikumwomba radhi. Nilijiambia nitamwomba akipata nafuu.

Na bado niliendelea kumtazama yule mwanamke nyuma ya kabati. Ukaniletea mwanawe, nikauliza ni yupi kati ya wawili.

Kwa hiyo usidhani nakukasirikia kwa usafi wangu. Nakukasirikia kwa sababu umepita njia niliyoifagia mimi, na umekwenda nayo mbali zaidi. Mimi nilitoa kichupa cha chumvi, wewe ukatoa kitanda cha mgonjwa. Mimi sikujua chumvi itafika gereji. Wewe ulijua mamake Shafii ni nani. Kila mtu mjini anajua.

Sikuambii umwache Shafii. Ningekuambia hivyo ungeolewa naye Ijumaa. Nakueleza tu unapoingia, kwa kuwa mimi nimeingia kabla yako. Si kijana mbaya. Hanywi, hakufokei, alikuja akasimama barazani peke yake wakati mwanamume mwingine angejificha. Ningempata mbaya ningelala usingizi, maana mbaya unajua wapi pa kumkwepa. Shafii hana mahali pa kuweka kitu. Mamake alimlea bila droo hata moja. Ukimpa jambo halishiki, linapita, na chini yake kuna mwanamke ameinua upawa. Siku utakayopata mimba ikaharibika, atalia na wewe kwa dhati, kisha atakwenda kulia kwa mamake kwa dhati, na kabla hujainuka kitandani utapigiwa filimbi. Siku mtakayogombana, mimi nitajua kabla hujanipigia simu. Atakayeniambia ni mgonjwa dirishani.

Nilifikiria kukushauri umwambie jambo la uongo uone litatokea wapi. Nimeliacha, huo ni ujanja wa karani. Muulize swali moja tu la kweli, mkiwa wawili: ni jambo gani lako ambalo mamako halijui? Akiwa nalo, hata dogo, hata la kitoto, nitamtandikia mkeka na kumwitikia shikamoo yake. Akikosa, mhurumie. Lakini usimpe langu. Wala la babako. Hayo si yako ya kupendea mtu.

Na wewe nawe jiulize. Unakwenda kusomea uuguzi. Utaona watu wanasukuma mikono ya wake zao. Utaona wanaume wazima wakiwaita mama zao. Jioni utakuwa umechoka na simu italia, na upande wa pili kutakuwa na sauti nzuri ikikuuliza siku yako ilikuwaje.

Sasa kesho.

Asubuhi hii ulipokuwa ukioga, Mama Mutua alinisimamisha uani. "Mama Rukia, kwani kesho mko na sherehe?" Akanionyesha. Mama Upawa kasimama na upawa wake: "Kesho Miritini, wanangu wa kioo, tunamsindikiza mkwe! Mama mtu naye atakuwepo, inshallah, mtamwona yuko imara!" Ametaja mpaka saa ya treni. Treni yako mimi niliijua juzi.

Sikukuuliza ni nani aliyempa saa hiyo. Sikutaka kukuona ukitazama sinia tena.

Stesheni siendi. Mama mtu hatakuwepo. Nitakuaga hapa, ndani, mlango umefungwa, simu zote mbili zikiwa jikoni, na ukitaka kulia utalia na nikitaka kulia nitalia na hakuna atakayejua tulifanya nini. Kisha ami yako Bakari atakupeleka. Nimeshamwomba, na amekubali kwa ajili ya nduguye, si kwa ajili yangu. Ukifika pale ukakuta upawa umeinuliwa, ni juu yako. Unaweza kumpungia mkono. Unaweza kupita ukaingia ndani ya treni. Mimi sitakuwa pale kukutazama, na sitatazama baadaye. Akaunti yake nimeiondoa kwenye simu yangu.

Kama unataka niende nawe mpaka mlango wa treni, kuna njia moja. Mpigie Shafii usiku huu umwambie mamake asije. Umpigie wewe, useme wewe, kwa mdomo ule ule. Usimwambie mama amekataa. Mwambie wewe hutaki. Nitakusikia kupitia ukutani, kuta za nyumba hii hazikuwahi kuzuia kitu.

Linabaki moja, nami nimelizungukia tangu nianze.

Asubuhi aliyofariki, wewe ulikuwa umekwenda dukani kutafuta barafu. Babako alifumbua macho akaniita kwa jina langu la usichana, ambalo hakulitumia tangu uzaliwe. Alijua mimi ni nani. Alijua yuko wapi na kinachomjia. Akasema jambo. Si refu. Halinihusu mimi, linakuhusu wewe. Akanitaka nikupe. Uliporudi na barafu alikuwa ameshanyamaza.

Sikuliandika. Ndilo jambo pekee la miaka yote hii ambalo halimo kwenye daftari, kwa kuwa hata daftari lina kurasa na kurasa hufunguliwa. Nilikusudia kukupa nikitoka eda, na eda ikaisha tukiwa tunazungumza habari za maji. Nilikusudia kukupa leo, hapa, kwenye mstari huu. Nimeishika kalamu mpaka wino umeacha tone kwenye karatasi, unaliona.

Sikupi.

Ni lako, najua. Ni haki yako zaidi kuliko redio zake na saa yake. Lakini hilo halina pa kurudia likishatoka, na mimi siwezi kulisikia likiwa na filimbi. Siku utakayoweza kulibeba ukalala nalo na kuamka nalo, karibu na mtu unayempenda, naye asijue kama unalo, njoo nyumbani. Hutahitaji kunieleza kwamba siku imefika. Nitakuambia sikioni.

Na nikifa kabla yake, nitakuwa nimemkosea babako mara ya pili, baada ya ile chumvi, na wewe utakuwa umenisaidia.

Mamako